Mama Mkwe Alivyoutembea Mto Naili

Mto Naili niliufundisha kila muhula wa pili, darasa la sita, katika shule ya misheni upande wa Uthiru, na sikuwa nimewahi kuuona. Hilo halikunisumbua. London pia sikuwa nimeiona, na niliifundisha vizuri tu.

Somo lenyewe lilikuwa fupi. Mto unatoka kwenye ziwa letu kubwa pale Jinja, Uganda. Unapita Ziwa Kyoga, unaanguka maporomoko, unagusa Ziwa Albert, unaingia Sudani na kupotelea katika matete mapana kuliko wilaya. Unatokea tena upande wa pili, unakutana na mwenzake kutoka Uhabeshi pale Khartoum, kisha unavuka jangwa la Misri peke yake mpaka baharini. Historia yake, kwa mujibu wa kitabu tulichopewa, ilikuwa historia ya Wazungu waliokuja kutafuta unakoanzia. Waliugua, waligombana, wakarudi kwao kuandika vitabu vya kubishana. Watu waliokuwa wakiteka maji pale pale chanzoni walitajwa kama wapagazi.

Mume wangu alikwenda Jinja walipoanza kujenga bwawa la umeme, maana fundi wa zege alilipwa vizuri huko kuliko Nairobi. Mimi nilibaki na kazi yangu na chumba changu cha mwalimu. Alikuja likizo mara chache, akala, akalala, akatengeneza mlango uliokuwa ukilia, akarudi. Koti lake la sufu aliliacha kwenye msumari nyuma ya mlango huo, akisema Jinja kuna joto.

Jumapili moja alipanda mtumbwi na wenzake chini ya maporomoko, kwenda kuwatembelea watu wa nyumbani waliokuwa ng'ambo. Mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliogelea wakatoka, yeye hakuonekana. Haikuwa kazini, na hakuna aliyemsukuma. Mmoja wa wale wenzake alikuja Nairobi kunieleza, akakaa kitini kwangu bila kunitazama, akanywa chai yote.

Sikulia. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Kwetu kulia kuna utaratibu wake, na utaratibu huo huanza na mwili.

Mimi ni Mjaluo. Kwetu mtu akipotea majini au vitani na mwili usipatikane, huzikwa tunda la mwegea badala yake, lile refu, zito kama mtoto mchanga, ambalo sisi tunaliita yago. Linalazwa kaburini, nyumbani kwake, na matanga yanaendelea kama kawaida. Baada ya hapo mjane anajulikana kuwa mjane. Anavaa nguo ya marehemu, anaomboleza muda wake, na siku ikifika anaivua na maisha yanaendelea. Kabla ya hapo si mke wala si mjane. Ni mtu tu aliyesimama mlangoni.

Wazee wa upande wa mume wangu walikuwa tayari kwa tunda. Mchungaji alinung'unika kidogo, kisha akanyamaza, maana naye ni mtu wa kwetu. Aliyekataa alikuwa mmoja, na bila yeye hakuna ambaye angethubutu kushika jembe. Ni mama wa mume wangu.

Kwao ni kando ya Mto Nzoia. Pale, mtu akizama, mama yake hutembea ukingoni kufuata maji, akimwita kwa jina, mpaka mto umrudishe. Nzoia hurudisha. Kuna kona zake zenye mchanga, na wenyeji wanazijua. Mtoto akionekana, mama ndiye hupiga nduru ya kwanza, na ndipo wengine wanaporuhusiwa kulia. Mama mkwe alisema hawezi kuzika tunda kabla ya kutembea. Na ukingo wa mto uliomchukua mwanawe ulikuwa nchi nyingine.

Shemeji zangu nao wakasema yao. Mke ambaye mumewe hajulikani aliko hakai mjini, walisema. Arudi akae kwenye nyumba yake mpaka jambo liishe. Nikirudi, nafasi yangu shuleni ingechukuliwa na mtu mwingine kabla ya muhula kwisha, hilo nililijua. Lakini hata kazi haikuwa kubwa kama jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu. Nilitaka mtu mwenye mamlaka aniambie kwamba mume wangu amekufa. Kila jioni nilisikiliza miguu njiani, na nilichukia kusikiliza. Mwenye mamlaka hayo alikuwa mwanamke mmoja, na yeye hakuwa tayari.

Akaja Nairobi. Nilimpokea stesheni asubuhi, ameshika kuku chini ya kwapa na cheti cha chifu mkononi, maana ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari na hakuna aliyesafiri bila karatasi. Tulikatiza mjini kwa miguu mpaka kwenye basi la Kabete. Hakushangaa maghorofa. Aliyatazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani. Basi lilipovuka daraja akachungulia chini.

"Hicho ni nini?"

"Mto Nairobi, Mama."

"Wanauita mto?" Akatafakari kidogo. "Unakwenda wapi?"

"Mashariki. Unaungana na mwingine, unaingia bahari ya upande wa Malindi."

"Basi huu hatuna haja nao," akasema, akampanga kuku wake vizuri.

Jioni ile, baada ya kula, alitazama koti nyuma ya mlango kwa muda mrefu bila kuligusa. Kisha akaniita kama alivyoniita siku zote, kwa jina la kwetu, jinsi wake wanavyoitwa huko.

"Nyar Alego," akasema, binti wa Alego. "Naambiwa unafundisha watoto mito."

"Ndiyo, Mama."

"Nifundishe huo."

Ramani ilikuwa moja tu, imetundikwa darasani, na darasa lilikuwa tupu Jumamosi. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba ufunguo. Alikuwa Mkamba mpole aliyezaliwa kuwa mzee. Alijua habari zangu zote na hakuwahi kuzitaja.

"Chukua tu ufunguo, mwalimu," akaniambia. "Lakini ile ramani ni mali ya shule. Mama asiishike shike na mikono iko na mafuta."

Jumamosi ya kwanza nilidhani tungemaliza kabla ya saa sita. Mto wote, kutoka Jinja hadi baharini, ni kama urefu wa mkono wa mtu mzima juu ya ile karatasi. Nilimwonyesha ziwa letu, nikamwonyesha uzi mwembamba wa buluu unaoingia upande wa mashariki.

"Huo ni Nzoia," nikasema.

Akasogea. "Huu wetu?"

"Ndiyo. Unaingia ziwani hapa. Na maji ya ziwa yanatokea hapa tu, Jinja. Hakuna mlango mwingine."

Nilianza kusahihisha hesabu za wanafunzi, kwa sababu nilikuwa nazo na kwa sababu sikutaka kumtazama.

"Basi ni maji yetu ndiyo yaliyomchukua," akasema baadaye. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyepata jina la ukoo wa mgeni.

Kisha akaweka kidole pale Jinja, akamwita mwanawe kwa jina. Si kwa sauti kubwa. Akasogeza kidole kidogo, akaita tena. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi na sikuweza kukumbuka saba mara nane.

Kumbe hakukusudia kumaliza. Mtu hatembei mto mzima kwa siku moja, alisema, na alisema hivyo akiwa ameketi. Kila kipande alitaka kujua nani anakaa hapo, wanavua au wanalima, wanawake wao wanateka maji upande gani. Kitabu changu hakikuwa na hayo. Nilichokuwa nacho ni urefu na mazao. Kwa Ziwa Kyoga nilimwambia kuna matete na pamba.

"Pamba haimtoi mtu majini," akasema.

Nikajaribu historia. Nilimweleza kwamba Misri inaishi kwa mto huu peke yake, haina mvua, na kwa hiyo Waingereza walipotaka kujenga bwawa Jinja ilibidi wakubaliane na Wamisri kwanza. Sharti mojawapo lilikuwa mhandisi wa Misri akae pale pale Jinja, kazi yake kuangalia maji yanayotoka.

Jambo hilo lilimgusa kuliko mengine yote. "Kuna mtu anakaa hapo anatazama maji?"

"Ndiyo, Mama. Ndiyo kazi yake."

"Mchana na usiku?"

"Wana kipimo. Wanaangalia kina kimepanda au kimeshuka."

"Na mtu akipita?"

Nikamwambia kipimo hakionyeshi hivyo. Akanitazama kwa subira, jinsi ninavyomtazama mwanafunzi aliyekariri bila kuelewa.

"Basi anatazama nini huyo?" akauliza.

Zikapita Jumamosi kadhaa. Hatukuvuka Kyoga. Katikati ya wiki alinifulia, alinipikia, alinilaumu kwa kukonda, akapanda mboga nyuma ya chumba changu ambazo majirani walianza kuja kuomba. Nilianza kumwogopa kidogo. Alikuwa na afya nzuri, na mto ulikuwa mrefu. Barua ya shemeji ikaja kuuliza narudi lini nyumbani. Nilipomsomea, akasema, "Waambie tupo njiani."

Nilikasirika. Nilitoka nje nikasimama karibu na mboga zake, nikamkasirikia yeye, nikamkasirikia mume wangu ambaye hakujifunza kuogelea ingawa alizaliwa mtoni, na nikakasirikia matete ya Kyoga. Kisha nikaingia ndani, chakula kilikuwa tayari.

Jumapili moja tulikuwa tunarudi kwa miguu kutoka Kabiria, tulikokwenda kumjulia hali mgonjwa wa kanisa letu. Njiani tukasimamishwa na askari wa jeshi, kijana mweusi sana, mrefu, bunduki begani.

"Nyinyi mama mbili," akasema kwa Kiswahili cha kambini. "Pasi iko wapi?"

Nikatoa yangu. Mama mkwe alikuwa akipekua ndani ya nguo zake kutafuta cheti cha chifu, na huku akinung'unika kwa lugha yetu kwamba mtoto huyu ana njaa, tazama shingo yake, nani anampikia.

Yule askari akacheka. Akajibu, na jibu lake lilikuwa kwa lugha yetu. Haikuwa yetu hasa. Maneno mengine alivuta, mengine alikata, lakini hata mtoto angemwelewa. Alisema anajipikia mwenyewe, mama, na ni kweli hashibi.

Mama mkwe akaacha kutafuta cheti. "Wewe ni wa wapi?"

"Uganda, mama. Pakwach. Mtoni kabisa."

"Mto gani?"

"Ule mkubwa. Unatoka kwenye maporomoko, unapita kwetu, unakwenda Sudani."

Niliona alichokuwa anakwenda kuuliza, na nilitamani kumvuta mkono. Sikumvuta.

"Mtu akija na maji," akasema, "mtu msiyemjua. Nyinyi mnafanyaje?"

Askari hakucheka tena. Alivua kofia. Sijui kama aliruhusiwa.

"Hatuulizi kabila lake," akasema. "Tunamtoa. Tunamzika ukingoni, tunamchinjia mbuzi."

"Mnamlilia?"

"Wanawake wanamlilia. Hawamjui, lakini wanamlilia."

"Kwa maneno gani?"

Hakuelewa swali. Alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Kwa haya haya, mama. Haya tunayoongea."

Halafu akakumbuka kazi yake, akavaa kofia, akanirudishia pasi yangu. Cheti cha chifu hakukiulizia tena. Mama mkwe akatoa kwenye kikapu viazi vilivyochemshwa tulivyopewa na mgonjwa, akampa vyote.

Jumamosi ilipofika alikuwa amevaa kabla sijaamka.

Alinitaka nimwonyeshe Pakwach. Ilikuwepo, imeandikwa kwa herufi ndogo, pale mto unapoachana na Ziwa Albert na kuelekea kaskazini. Nikaweka kidole. Na nikiwa nimekiweka ndipo nilipokumbuka kitu ambacho nilikuwa nacho tangu utotoni.

Kila mtoto wa kwetu ameambiwa. Watu wetu walitoka kaskazini, Sudani, wakifuata mto huku wakichunga, kizazi baada ya kizazi. Wakapiga kambi mahali panapoitwa Pubungu. Hapo ndugu wakagombana kwa sababu ya mkuki na ushanga, wakaachana. Mmoja akavuka mto, mwingine akabaki, na wengine wakaendelea kusini na mashariki mpaka Nyanza, na hao ndio sisi. Pubungu iko Pakwach. Hadithi hiyo nilipewa gizani nyumbani kwa bibi yangu, na ramani nilipewa chuoni mchana, na kwa miaka yote hiyo sikuwa nimeziweka pamoja.

"Pubungu ni hapa, Mama," nikasema.

"Najua. Tangu Jumapili sijalala." Akasogea. "Sasa niambie wewe mwenye kusoma. Anaweza kufika hapa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Wazee wangefurahi, shemeji wangefurahi, na mimi ningepata nilichokitaka kabla ya chai. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya ubao, na mbele ya ubao sijawahi kujua kusema uongo.

"Hapana, Mama," nikasema. "Kyoga ni matete, yanashika kila kitu. Baada ya hapo maji yote ya mto yanajipenyeza kwenye ufa wa mwamba na kuanguka. Chini yake kuna mamba wengi." Nilisikia sauti yangu ikitaja mamba na sikuinyamazisha. "Hawezi kufika."

Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikivu kuliko darasa langu lote.

"Nzoia pia ina mamba," akasema. "Mimi nimejua hayo tangu siku ile waliponiambia. Sikuja huku kutafuta mwili, Nyar Alego. Nimekuja kutafuta pa kusimama. Mama anatembea mpaka apate pa kusimama." Akaweka kidole chake juu ya Pakwach, kando ya changu. "Hapa kuna wanawake wanaolia kwa maneno yetu. Nimefika. Kuanzia hapa watatembea wao."

"Na baada yao?"

"Si ulisema mto unakwenda Sudani? Si huko ndiko tulikotoka? Huko wapo waliobaki." Alisema kama anayenikumbusha kazi ya jana. "Amerudi kwa njia ile ile waliyojia. Mimi siendi mbele yao."

Kisha akainua uso, akapiga nduru.

Sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hajaisikia. Ni ndefu, inapanda, na haina neno ndani yake. Iligonga bati la darasa. Mlio wangu ulitoka kabla sijauruhusu, na ulipotoka haukutaka kurudi. Niliketi sakafuni, katikati ya madawati, nikalia kama watu wanavyolia kwetu, kwa sauti yote, nikimtaja.

Mwalimu mkuu alikuja mbio, shati halijafungwa vizuri. Akasimama mlangoni, ameshika fimbo, akidhani tumevamiwa.

"Kuna nini, mwalimu?"

"Mume wangu amekufa," nikamwambia.

Alikuwa na habari hiyo kwa miezi. Aliiweka fimbo chini taratibu, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Pole sana, mwalimu," akasema. "Pole sana, mama." Akabaki pale mlangoni na sisi mpaka tulipomaliza.

Jioni mama mkwe aliliondoa lile koti kwenye msumari, akalikung'uta, akanivalisha, akanifunga vifungo vyote kama anavyofungwa mtoto. Lilinifika magotini. Lilikuwa bado na vumbi la zege mfukoni. Wiki hiyo hiyo tulipanda treni. Tunda likazikwa nyumbani kwake, mbele ya nyumba niliyopaswa kwenda kukaa. Mama yake akatupa udongo wa kwanza, na shemeji zangu hawakuniuliza tena habari za mji. Muhula haukuwa umekwisha niliporudi darasani.

Mkaguzi wa shule alikuja baadaye, Mzungu mwenye haraka, akasimama mbele ya darasa langu la sita. Nami nilikuwa nimesimama kando ya ramani, nimevaa koti la mwanaume, sufu, katika joto. Alinitazama, akaona afadhali awaulize watoto. Aliuliza Mto Naili unaishia wapi.

Msichana wa mbele akasimama. "Pakwach, bwana."

"Pakwach?" Akaisogelea ramani, akaona pale palipochakaa, alama mbili za vidole, moja ya chaki na moja ya mafuta. Akanigeukia. "Na Misri je, mwalimu?"

"Bado hatujafika, bwana," nikamjibu.

Aliandika kitu, na sikujali. Mwaka uliofuata, nilipolivua lile koti, niliwafikisha Misri.